Sura ya Nne: Dakika Sita Handakini

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, Inspekta alirudi kwenye bustani ya Mzee Stesheni akiwa amebeba faili jembamba la rangi ya udongo na glavu moja ya ngozi ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu aliyekuwa amelala kwenye saruji tangu Jumamosi kwa sababu ya glavu hiyo alimwacha mahabusu. Hata hivyo, ni kama alikuja naye, maana kuna watu ambao huwa wazito zaidi ukiwaacha nyuma.

Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana. Likishafika huko, mtunza bustani anayeitwa Kinyozi angekuwa mshtakiwa wa wizi, na jina la namna hiyo halitoki hata ulichemshe na magadi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa sanduku dogo kwenye ukurasa wa tatu: Muda uliotumika kutenda kosa. Inspekta mwingine angeandika "muda mfupi" akaenda kunywa chai. Lakini huyu, ambaye wenzake kituoni walimwita Taratibu, hakuwahi kupeleka faili lenye sanduku tupu. Katika maisha yake ya kazi hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa, na wengine walisema ndiyo pekee.

Bustani yenyewe ilikuwa nchi kamili. Reli za upana wa kiganja zilizunguka hatua mia mbili na kumi, zikavuka bwawa la samaki juu ya daraja la chuma, zikapita stesheni mbili zenye madawati ya kukaliwa na mijusi, kisha zikaingia kwenye mlima. Mlima huo ulimfika Inspekta kiunoni. Pembeni mwa njia ilisimama miti mizima mizima iliyomfika mtu gotini: rozmari, mikwaju midogo, vichaka ambavyo Kinyozi alivipunguza kila wiki kwa mkasi wa kunyolea nywele mpaka kila kimoja kikawa na shina, matawi na kivuli cha mti mkubwa. Ndipo alipopata jina lake.

Mwenye nchi hiyo alikuwa stesheni masta mstaafu, mwenye miaka arobaini ya bendera mkononi na kofia ambayo hakuivua hata alipokuwa anakula. Aliijenga kwa miaka kumi na minane pamoja na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa fundi wa boila kwenye karakana ya reli. Mzee alitandika njia, Fundi akatengeneza mitambo. Na mtambo wa mitambo yote ulikuwa Bi Mkubwa, kichwa cha treni cha shaba chenye uzito wa kilo tisa, kilichotembea kwa mvuke wa kweli uliochemshwa na jiko la kweli la gesi lililotosha kwenye kiganja.

Jumamosi saa nne walikuwa wanafanya mazoezi. Jumapili watoto sitini wa shule wangekuja kutazama. Bi Mkubwa akapiga filimbi, akaingia handakini akivuta mabehewa saba. Baada ya muda yakatoka mabehewa saba peke yake, yakateremka taratibu mpaka stesheni, yakasimama kama watoto waliopotezana na mama yao sokoni. Handakini hamkuwa na kitu. Juu ya mlima, kando ya mfuniko wa siri ambao mtu huuinua akitaka kusafisha njia, ilikutwa glavu ya kushoto ya Kinyozi, kiganja chake kimeungua.

"Shikamoo, Mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba, Afande. Umempata?"

"Nani?"

"Bi Mkubwa! Mwizi nimeshakupa mimi mwenyewe mkononi. Wewe ulibakiwa na kazi moja tu."

"Nimebakiwa na sanduku moja, Mzee. Treni hukaa handakini muda gani?"

Mzee Stesheni hakufikiri. "Sekunde arobaini."

"Na Jumamosi?"

"Dakika sita na sekunde kumi." Alitoa saa yake ya mfukoni, akaionyesha kama shahidi.

Inspekta aliandika. Kisha kalamu ikasimama. "Dakika sita. Wewe ulikuwa wapi?"

"Jukwaani. Na bendera nyekundu."

"Dakika zote sita?"

"Na sekunde kumi."

Inspekta alipima kwa miguu kutoka stesheni hadi mlimani. "Hatua ishirini na nne. Treni yako imemezwa, na hukwenda kuangalia?"

Mzee alimtazama kama mwalimu wa zamu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza kwa nini kengele ikilia watu hupanga mstari. "Afande, stesheni masta haachi jukwaa wakati treni iko njiani. Dunia ikipasuka, anapasuka nayo palepale. Hiyo ni kanuni."

"Na hukusikia kitu?"

"Sikio hili la kulia nililitoa sadaka kwa honi zamani. Na la kushoto linaniambia linachotaka."

Inspekta alipiga magoti juu ya mlima na kuinua mfuniko. Jumamosi alikwishapachunguza mahali hapo, na nyasi zote zilikuwa kijani. Leo palikuwa na mkanda wa manjano, mrefu kama mkono, uliotokea kwenye ukingo wa mfuniko ukaenda upande wa bwawa. Aling'oa jani moja. Halikuwa limeungua. Lilikuwa limeiva, laini kama mboga iliyosahauliwa jikoni.

"Mzee, njoo uone."

"Treni haiko njiani," Mzee alijihakikishia, ndipo akaja. Aliinama, akalishika jani, akalisugua. "Huu ni mvuke. Mtu amefungua koki ya chini ya boila akautoa wote."

"Hufanyika lini hivyo?"

"Unapotaka kumbeba. Unazima jiko la gesi, unafungua koki, unamsubiri apumue mpaka geji, kipimo cha mvuke, isome sifuri. Ukimnyanyua akiwa amejaa, maji yanapanda juu, utaharibu..." Akalitazama tena lile jani.

"Muda gani?"

"Dakika tano. Tano na nusu."

"Mzee," alisema Inspekta, "mwizi gani huzima jiko kwanza kabla ya kuiba sufuria?"

Mzee Stesheni alikuwa anatazama nyasi.

Upande wa pili wa ua Mama Jirani alikuwa anaanika. Alikuwa mwanamke mpana mwenye vibanio vitatu mdomoni na wasiwasi sifuri. Jumamosi Inspekta alimuuliza swali moja tu: kama ni kweli aliwahi kutishia kuitupa treni ile jalalani kwa sababu ya filimbi yake. Alijibu ni kweli, na kwamba angeitupa vipande vipande. Inspekta akamwandika kama mtuhumiwa wa pili, kisha glavu ikaonekana na Mama Jirani akasahauliwa.

"Mama, Jumamosi treni ilipoingia mlimani, ulisikia nini?"

Vibanio vilitoka mdomoni kimoja kimoja. "Eh! Leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo ndiyo nakuuliza."

"Nilisikia fyuuuuu, ndefu, kama nyoka mwenye pumu. Nikataka kukimbia, lakini nilikuwa nagombana."

"Na nani?"

"Na Kinyozi, na nani mwingine? Treni imeingia tu, naona tope kwenye shuka langu jeupe. Mpira wake wa maji! Nikamwita, 'Wewe, njoo hapa!' Akaja mpaka hapa uani, mpira mkononi. Nikamwambia yake yote. Tumegombana mashuka matatu."

"Mashuka matatu?"

"Nagombana huku naanika, baba. Mimi sina muda wa kugombana bure." Akahesabu kwenye kamba. "Fyuu imeanza shuka la kwanza. Imekwisha, tumenyamaza kidogo, la tatu likawa linaisha ndipo yakatoka mabehewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, 'Mama, tazama, treni haina kichwa!' Akatupa mpira, akakimbilia huko."

"Muda wote huo alikuwa mbele yako?"

"Mbele yangu, anaomba radhi. Anajua kuomba radhi yule, mpaka ugomvi unakosa ladha."

"Na mzee wa nyumba?"

"Yule pale kama sanamu, na kitambaa chake chekundu. Nikasema leo kafa kasimama."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nina chuki na treni," alisema Mama Jirani, akirudisha kibanio mdomoni. "Nilikujibu."

Inspekta alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa Jumamosi. Mwandiko ulikuwa wake, mzuri, umelala upande mmoja kama mashati yaliyopangwa kabatini. Mstari wa kumi na moja ulisema: Mtuhumiwa anadai alikuwa akigombana na jirani uani. Mbele yake, ndani ya mabano, alikuwa ameongeza neno moja: kelele.

Alilifunga daftari. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

Watu waliojua kuzima jiko la Bi Mkubwa na kufungua koki yake bila kuungua walikuwa watatu. Mmoja alikuwa anaomba radhi uani. Wa pili alikuwa sanamu. Inspekta alikwenda karakana ya Fundi, nyuma ya nyumba.

Karakana ilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja, meza ya chuma, jiliwa la kubania vyuma, tupa zilizopangwa kwa urefu, na harufu ya mafuta ya taa. Fundi alikuwa ameketi kwenye stuli, anasugua gurudumu ambalo tayari lilikuwa linang'aa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nyusi zilizoungua mara nyingi hadi zikakata tamaa ya kuota.

"Karibu, Afande. Chai?"

"Nitashukuru."

Fundi alishika birika kwa mikono miwili. Hata hivyo mdomo wa birika ulicheza juu ya kikombe, na sahani ikapata chai nyingi kuliko kikombe. Inspekta alitazama pembeni, kama adabu inavyotaka, na pembeni palikuwa na ukuta, na ukutani palikuwa na daftari limening'inizwa kwa kamba.

"Hili ni la nini?"

"La majaribio ya boila. Kila mwaka lazima apimwe. Unamjaza maji baridi, unamsukuma kwa pampu ya mkono mpaka mara mbili ya nguvu anayofanyia kazi. Akikaa dakika ishirini bila kushuka, ameshinda."

"Kwa nini maji baridi?"

"Yakipasua, yanakulowesha. Mvuke ukipasua, unakuzika."

Inspekta alisoma mstari wa mwisho. Tarehe tatu ya mwezi huu. Paundi themanini, dakika ishirini. Ameshinda. Chini yake ilikuwa sahihi ya Fundi, iliyotetemeka kama imeandikwa garini.

"Pampu ni ipi?"

Fundi alinyoosha kidevu kuelekea rafu ya juu. Inspekta akaishusha. Ilikuwa ya shaba, yenye mpini mrefu, na mdomo wake ulikuwa umezibwa na kitu cha rangi ya kijivu, kigumu kama jiwe. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nyigu alikuwa amejenga humo nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu. Akalea, akahitimisha watoto wake wote, akahama. Matundu ya kutokea yalikuwa yameingia vumbi, na ndani ya tundu moja buibui alikuwa mpangaji mpya.

"Fundi, leo ni tarehe kumi na tisa," alisema Inspekta. "Nyumba hii ina miezi mingapi?"

Fundi alisugua gurudumu.

"Hakupimwa mwaka huu," alisema Inspekta.

"Nyigu ni wepesi wa kujenga."

"Si wepesi kiasi hicho. Siku kumi na sita hazimtoshi mkandarasi yeyote ninayemjua." Inspekta alitafuta mahali pa kuweka kikombe chake. Meza ilijaa. Mkono wake ukaenda wenyewe mahali ulipokwenda Jumamosi, kwenye kifuniko cha mbao cha cherehani kilichokuwa pembeni ya mlango. Palikuwa na duara la chai juu yake, kavu, saizi ya kikombe. Duara lake yeye. Jumamosi alikuwa ameketi hapa nusu saa, amekunywa vikombe viwili, na kuandika juu ya kifuniko hiki maelezo yote dhidi ya Kinyozi.

Hakukiweka kikombe. Alikishikilia hewani.

"Karakana ya chuma," alisema taratibu. "Unashona nini humu, Fundi?"

Gurudumu lilianguka sakafuni, likabingirika, likasimama kwenye kiatu cha Inspekta. Fundi hakulifuata.

Inspekta aliinua kifuniko. Bi Mkubwa alikuwa chini yake, amefungwa kwenye taulo la kuogea kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, shaba yake yote imefutwa, na geji yake ikisoma sifuri.

"Hajakwaruzwa," alisema Fundi haraka. "Tazama, Afande, hajakwaruzwa hata kidogo."

"Namwona. Niambie."

Fundi aliweka mikono yake miwili juu ya meza, mahali pa wazi, kama mtu anayetoa kielelezo. Ilitetemeka juu ya chuma, ikatoa sauti ndogo.

"Mwezi uliopita mshono wa nyuma wa boila ulifunguka. Nikauchomelea upya kwa mikono hii. Ilinichukua siku nne, kazi ya saa mbili. Nilipomaliza ikanijia: huu mshono hautakaa. Nikishaupima, na usipokaa, shemeji atajua. Atasema pumzika, shemeji, tutatafuta fundi mwingine. Atalisema kwa upole. Upole wake ndio niliouogopa." Alilitazama daftari la ukutani. "Nikaandika ameshinda."

"Halafu Jumamosi?"

"Nilimwasha mimi. Nikaona tone la maji chini ya mshono wangu. Moja tu. Kesho yake watoto sitini wangekaa hatua mbili kutoka kwenye reli, Afande, na mimi nimetia sahihi. Filimbi imelia, nikapita nyuma ya ua hadi mlimani, nikachutama upande usioonekana, nikamsimamisha kupitia mfuniko, nikamtoa mvuke, nikamtenga na mabehewa, nayo yakateremka yenyewe. Nilisahau kitambaa changu. Glavu ilikuwa hapo, imeachwa juu ya nyasi. Niliivaa tu. Wallahi, niliivaa tu."

"Na ukaiacha."

"Nilikuwa nimebeba kilo tisa za moto. Niliiacha."

"Jioni ile walipomtia pingu, ulikuwa umesimama langoni. Hukuwa umebeba kitu."

Mlangoni kulikuwa na mtu mwingine. Mzee Stesheni alikuwa amesimama hapo, kofia kichwani, na haikujulikana sikio la kushoto lilikuwa limemwambia kiasi gani.

Alimtazama Bi Mkubwa ndani ya taulo. Kisha akamtazama kaka wa mkewe.

"Jana," alisema Mzee, "nimesukuma mabehewa kwa mkono mbele ya watoto sitini. Nimetoa sauti ya filimbi kwa mdomo, shemeji. Mimi. Na wewe ulikuwa unapiga makofi."

"Nilikuwa napiga makofi," alikiri Fundi.

Inspekta aliangalia saa: saa tano na dakika ishirini na mbili. Faili lilikuwa bado na sanduku tupu, na sasa kulikuwa na swali moja ambalo utaratibu wake haukuweza kuliruka.

"Apimwe," alisema.

"Sasa?"

"Sasa. Kama mshono ni mbovu, uliwaokoa watoto kwa njia mbaya. Kama ni mzima, nataka kulijua hilo pia."

Walizibua pampu kwa msumari. Mzee ndiye aliyejaza maji, maana Fundi angemwaga. Fundi ndiye aliyefunga bomba, maana hakuna mwingine aliyejua. Inspekta akapiga mpini. Sindano ya geji ikapanda: ishirini, arobaini, ambayo ndiyo nguvu yake ya kila siku, sitini. Kwenye sabini Fundi aligeuza uso ukutani.

"Themanini," alisema Mzee, akafungua saa yake. "Anza."

Hakuna chumba kilichowahi kutazama sindano kama kile. Dakika ya tano, themanini. Dakika ya kumi, nzi alitua kwenye kioo cha geji, wanaume wawili wakampulizia kwa pamoja. Dakika ya kumi na tano, Fundi aligeuka, akajongea, akapitisha kidole chini ya mshono wake. Kilitoka kikavu.

"Dakika ishirini," alisema Mzee.

Sindano haikuwa imesogea hata unywele.

Fundi alikitazama kidole chake. "Jasho," alisema kwa sauti ndogo. "Lile tone lilikuwa jasho tu. Ukimwasha akiwa wa baridi hutoka jasho nje. Nimewafundisha wanagenzi jambo hilo miaka thelathini."

"Mshono wako ni mzuri, shemeji," alisema Mzee Stesheni. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi na kuzabwa kofi kwa mkono uleule. "Ungeniambia ningekushikia pampu. Dakika ishirini tu. Ningekushikia."

"Najua," alisema Fundi. "Sasa najua."

Inspekta aliandika maelezo ya Fundi mwanzo hadi mwisho, akamsomea, akamtaka atie sahihi. Mzee alipoulizwa kama anashtaki, alisema ataanzia wapi, kichwa cha treni hakijatoka nje ya ua wake. Kuhusu uongo wa kunyamaza, Inspekta alipekua kichwani vifungu vyote anavyovijua na hakupata kilichotosha vipimo vyake. Kisha akafungua ukurasa wa tatu wa faili na kujaza sanduku: Dakika sita na sekunde kumi. Mtuhumiwa alikuwa uani kwa jirani. Jirani alipaswa kuulizwa Jumamosi. Sentensi ya mwisho haikuhitajika na fomu. Aliiacha hivyohivyo.

Saa saba na dakika arobaini, askari wa kaunta alimwaga vitu vya Kinyozi mbele yake na kusoma orodha: mkanda mmoja, kamba za viatu jozi moja, mkasi wa kinyozi mmoja, glavu ya kulia moja. Kinyozi alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini na kitu, mwenye vidole vyembamba. Aliweka sahihi, akaketi kwenye benchi, akaanza kupitisha kamba kwenye viatu, tundu moja baada ya jingine.

Inspekta alikuwa ameandaa sentensi tatu njiani. Zote zilimkimbia mlangoni.

"Nilikwambia Jumamosi," alisema Kinyozi, bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake saa. "Kwamba nilikuwa na Mama Jirani."

"Uliniambia."

"Ukaandika. Nilikuona unaandika."

"Niliandika."

"Nikasema basi, mambo yamekwisha. Huyu bwana ameandika, leo nitalala nyumbani." Alifunga fundo. "Mke wangu ameambiwa na watu watatu kabla hajaambiwa na mimi. Kila mmoja alikuwa na treni yake. Wa mwisho alisema nimeiba treni ya kweli."

"Samahani," alisema Inspekta. Neno hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu yoyote ya kituo kile, na lilisikika hivyo.

"Nimeisikia, Afande."

Inspekta aliitoa glavu ya kushoto kwenye mfuko wa plastiki na kuisukuma juu ya kaunta, karibu na mwenzake. Kinyozi aliichukua ile ya kulia, akaitia mfukoni. Ile iliyoungua hakuigusa.

"Hiyo mpe aliyeivaa," alisema.

Nje, getini, Mzee Stesheni na Fundi walikuwa wamesimama juani. Mzee alikuwa amevua kofia, na bila kofia alionekana mfupi, mwenye upara wenye alama ya duara.

"Shikamoo, Mzee," alisema Kinyozi, kwa sababu umri ni umri.

"Marahaba. Kinyozi, baba... kesho asubuhi saa mbili, kama kawaida. Tafadhali."

"Hapana, Mzee."

"Basi saa tatu."

"Hapana." Kinyozi alitengeneza mkanda wake. "Lakini rozmari ile ya stesheni ya pili ina haraka. Iangalieni kila wiki. Msiikate juu, mkiikata juu inapanuka, mtapata kichaka. Punguzeni pembeni. Na mkasi uwe mkali." Alimpita Fundi, ambaye alikuwa ametoa mkono. Hakuukataa, aliushika, ukatetemeka ndani ya wake, akauachia. "Pole na mikono, Fundi," alisema, na kwenda zake.

Fundi alibaki ameunyoosha mkono vilevile. Inspekta aliweka glavu ya kushoto juu yake. Fundi hakuuliza ni ya nini. Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande ambao watu huweka vitambulisho.

Walimtazama Kinyozi mpaka akakata kona ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Alisema tukate juu?" aliuliza Mzee Stesheni, akigeuza sikio.

"Sikushika vizuri," alisema Fundi. "Nilikuwa nautazama mkono."

Inspekta alitoa daftari lake. Aliandika mistari mitatu, akaisoma kimya, kisha akaisoma tena kwa sauti mbele yao, neno kwa neno, ukiwemo mkasi. Akachana ukurasa, akampa Mzee.

"Pembeni," alisema. "Alisema pembeni."